Nilienda Msalato kupunga upepo, upepo ukanipunga mimi

Jamani bora niyaandike mwenyewe haya mambo kabla watu wengine hawajayaandika, maana video zipo, na kwenye mojawapo kuna kijana kaweka na singeli kabisa, natembea kama bata aliyekanyaga mkaa huku nimepakwa masizi chini ya pua.

Mimi ni mhasibu. Hilo naomba likae kichwani mwako mpaka mwisho wa hii habari. Nalipwa mshahara kwa ajili ya kujua hela imetoka wapi na imeenda wapi. Nililetwa Dodoma mwaka 2017 wizara zilipokuwa zinahama, mtoto wa Pwani mie, nikafika huku nikakuta vumbi, nikakuta baridi ya mwezi wa saba ambayo hakuna mtu alinitahadharisha, na nikakuta mke. Mke ni Mgogo wa Mvumi. Na mke huwa haji peke yake, anakuja na baba yake.

Sasa huyu babamkwe wangu ni mzee mpole, maneno machache, ukimsalimia Mbukwenyi anajibu kwa sauti ya chini utadhani anakuambia siri. Miaka yote nimemwogopa. Sio kwamba ni mkali, ni kwamba anakuangalia. Anakuangalia tu, halafu anahema, halafu anaangalia pembeni, na wewe unabaki unajiuliza umekosea wapi.

Ijumaa moja ya mwezi wa nane akaja mjini kliniki ya macho, wakamtia dawa wakamwambia apumzike siku mbili tatu ndo arudi kijijini. Akaja kwangu Area C na kimfuko chake cha rambo, bakora yake, na kofia yake.

Hapa lazima nisimame kidogo niieleze hiyo kofia. Ni pama la kahawia lenye utepe mweusi, na lina historia kuliko mimi. Baba yake mzee alifanya kazi Kongwa kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza, ule ulioanza 1947, wakaleta matrekta wakidhani watalima karanga za kulisha Uingereza nzima, kumbe ardhi ya Kongwa ikikauka inakuwa ngumu kama sakafu na mvua ya huku inakuja ikijisikia. Mwaka 1951 wakanyoosha mikono, wakafungasha. Sasa katika kufungasha huko mzungu mmoja akamuuzia babu hiyo kofia kwa bei ya kutupa. Ndo hiyo. Mamilioni ya pauni yalipotelea pale, karanga za maana hazikuonekana, ila kofia ikatoka nzima, ikavaliwa na babu mpaka akafa, ikaja kwa mzee. Kwenye ukoo wa mke wangu hiyo kofia inaheshimiwa kama mtu. Ikiwekwa kwenye kiti hukai.

Basi usiku huo baada ya kula, mzee kawaida yake ni taarifa ya habari halafu kulala. Mimi nilikuwa na filamu kwenye flash, inaitwa Chaplin, ya mwaka 1992, kaiongoza Richard Attenborough, inahusu maisha ya Charlie Chaplin mwenyewe. Nilikuwa nasubiri mzee alale niiangalie kwa raha zangu. Nikachomeka tu kwenye tivii kujaribu kama inasoma. Mtoto wa shemeji yangu, wa kidato cha pili, anakaa kwetu, akaruka, "Anko, si Iron Man huyo?" Na kweli, anayecheza Chaplin ni Robert Downey Jr., kabla hajavaa chuma. Nikamwambia ndo yeye, enzi hizo alikuwa anaigiza na miguu.

Mzee alikuwa ameshasimama kwenda kulala. Akaona ile kofia, kile kifimbo, vile viatu. Akakaa.

"Huyo si Chale?"

Nikashtuka. "Baba unamjua?"

"Namjua? Huyu alikuja Mvumi."

Ikawa sasa filamu mbili kwa wakati mmoja, moja kwenye tivii, nyingine ya mzee. Kumbe alipokuwa mtoto gari la sinema lilikuwa linakuja kijijini, wanafunga shuka jeupe katikati ya mibuyu miwili, injini inanguruma, kijiji kizima kinakuja, wengine wanatembea toka mbali na vigoda vyao kichwani. Watu wazima wanakaa mbele. Watoto wanafukuzwa, kwahiyo wanazunguka nyuma ya shuka wanaangalia huko huko nyuma. "Kwahiyo Chale wangu mimi," akasema, "alikuwa anashika fimbo mkono wa kushoto. Nilipokuja kuona picha yake gazetini nikasema hawa wamekosea."

Na ndo hapo nikaelewa kwanini wazee wetu mtu mwenye vituko wanamwita chale. Miaka yote nilikuwa nalisikia hilo neno nikidhani ni Kiswahili cha Mtume.

Tukaangalia mpaka mwisho, zaidi ya masaa mawili. Utoto wake London, umaskini wa kutisha, mama yake anarukwa na akili, na hapo nikajitia ujuaji nikawaambia huyo mwanamke anayeigiza mama yake Chaplin ni Geraldine, binti wa Chaplin mwenyewe, yani anaigiza bibi yake mzaa baba. Mzee akahema. Ikafika sehemu anapopata zile nguo zake, nikabonyeza pozi. Kosa langu la kwanza. Nikaanza kuwahadithia kwamba ile pamba yote inasemekana ilikuwa ya kuokoteza, mwaka 1914, anaambiwa avae kitu cha kuchekesha, akachukua suruali ya mwigizaji mnene anaitwa Fatty Arbuckle, viatu vya Ford Sterling namba 14 vikubwa mpaka ikabidi avivae kushoto kulia na kulia kushoto ndo visimvuke, na kofia ilikuwa ya babamkwe wake Arbuckle.

Mzee akageuka taratibu.

"Kofia ya babamkwe?"

"Ndio baba."

"Aliirudisha?"

Sikuwa na jibu. Nikabonyeza filamu iendelee. Mwishoni kule, mwaka 1972, Chaplin keshakuwa mzee wa miaka 82, Wamarekani waliomzuia kurudi kwao miaka ishirini nyuma yake wanamwita wampe tuzo ya heshima, anasikia watu wanacheka ukumbini kwa vitu alivyofanya akiwa kijana, hapo mimi machozi yakanitoka kabisa. Nikamwangalia mzee, na yeye anafuta macho. Akasema ni dawa ya kliniki.

Jumamosi asubuhi niliamka nimepona. Unajua ile ya kuona filamu nzuri halafu dunia yote inakuwa laini? Nikamwambia mke wangu leo nampeleka mzee Msalato mnadani akale nyama, kesho mchana tunaenda wote Chinangali Park kukaa kwenye majani, wikiendi yote ni kupunga upepo tu. Mke wangu alikuwa na mazoezi ya kwaya, akaniangalia akasema, "Baba yangu umrudishe mzima." Kofia hakuitaja.

Tukajipakia kwenye Vitz yangu, mimi, mzee, binti yangu na yule bwana mdogo wa kidato cha pili, tukashika njia ya Arusha. Kama hujawahi kwenda mnada wa Msalato Jumamosi, sijui wikiendi zako Dodoma huwa unafanya nini. Ng'ombe na mbuzi upande mmoja, mitumba, ndoo, majembe na dawa za meno za kienyeji upande mwingine, na katikati moshi. Nyama imechomekwa kwenye vijiti imezunguka moto kama watu wanaoota moto, unachagua kijiti chako, unakatiwa kwenye sinia, chumvi pembeni, pilipili pembeni, ndizi za kuchoma. Mnakula kwa mkono mnaongea habari za bei ya ng'ombe ambao hamna mpango wa kuwanunua.

Tulikula vizuri sana. Mzee akafurahi mpaka akaongea sentensi tatu mfululizo. Halafu akasema anaenda msalani, ni mbali kidogo, akavua kofia akaiweka kwenye kiti chake kushika nafasi, bakora akaiegesha pembeni.

Binti yangu akaangalia kofia. Akaangalia bakora. Akaniangalia mimi.

"Baba, fanya kama Chale."

Nikamwambia acha utani. Bwana mdogo akasema, "Anko dakika moja tu, narekodi." Nikawaambia kofia ya babu haiguswi. Wakasema babu hayupo. Na hapo ndo shetani alipoleta kiti akakaa na sisi, maana nilikuwa nimevaa moka za mtumba za Sabasaba, namba 44, mimi navaa 42, nilizichukua kwa sababu ya bei. Viatu vikubwa ninavyo. Kofia ya babamkwe ninayo. Fimbo ninayo. Ni kama mambo yalikuwa yamejipanga yenyewe. Nikavua viatu nikavigeuza, cha kushoto kulia, cha kulia kushoto, bwana mdogo akachovya kidole kwenye masizi ya jiko akanipiga kistari chini ya pua, nikaweka pama kichwani, nikashika bakora, nikatoka.

Sitaki kujisifu ila nilikuwa mzuri. Hatua kumi za kwanza nilikuwa mzuri kweli, miguu imetazama pembeni, bakora inazunguka, nainua kofia namsalimia mama muuza ndizi, mama anacheka anajifunika kanga. Watu wakaanza kusogea. Mchoma nyama mmoja akaniuliza, "Broo vipi, umekuja kama Hitila?" Nikataka kumuelimisha, maana hao wawili walizaliwa mwaka mmoja, 1889, mwezi mmoja wa nne, wamepishana siku nne tu, na Chaplin mwaka 1940 alimtolea filamu nzima ya kumcheka, lakini muda haukuwepo, umati ulishakuwa mkubwa. Mtu akanirushia mia mbili. Mama mmoja akapenya mpaka mbele akauliza, "Samahani, tisheti mnagawa saa ngapi?" Alidhani ni promosheni. Nikaona hapa sasa nimalize kwa ile kona yake maarufu, ile ya kukata kona kwa mguu mmoja unarukaruka.

Nikainua mguu.

Wenyeji wa Dodoma mnajua upepo wa mwezi wa nane. Watu wa Pwani sisi tukisema kupunga upepo tunamaanisha kitu cha baharini, kinakuja polepole kinakupapasa. Huku upepo ndo unakupunga wewe. Kikaja kisulisuli kimoja toka upande wa ng'ombe, chekundu, kirefu kama mnara wa simu, kimebeba rambo, majani, vumbi na sijui nini, kikapita juu yangu nikiwa nimesimama mguu mmoja. Nikafumba macho. Nilipofumbua kichwa kilikuwa chepesi.

Kofia ilikuwa inaondoka. Hata haikudondoka chini kwanza. Ilipaa ikapita juu ya bodaboda, ikagusa turubai la mitumba, ikateremka kwenye ndoo za plastiki, nikaifikia nikanyoosha mkono, ikanyanyuka tena. Nikakimbia. Jaribu siku moja kukimbia na viatu vya kugeuza, namba mbili zaidi, mkononi una bakora. Kila ninapotaka kwenda kulia miguu inanipeleka kushoto. Nilianguka mara mbili, mara ya pili juu ya fungu la nyanya nikaacha elfu mbili bila kuuliza bei. Watu wanapiga makofi! Wanadhani ni muendelezo! Nawapigia kelele nikamatieni kofia, wanazidi kucheka.

Ikaenda kutua kwa mbuzi.

Walikuwa kama kumi na tano wamefungwa kamba moja ndefu, na mmoja, jike mwenye mabaka meupe na kahawia, tumbo pana, akainama akainusa akaanza kula. Kwa utulivu kabisa, kama mtu aliyeagiza. Nilipofika ukingo wote wa upande mmoja ulikuwa umeingia, nikashika upande mwingine nikavuta, na yeye akavuta, tukaangaliana. Ikachanika. Mimi nikabaki na kipande kama cha sahani ya chai, yeye akabaki na kofia. Utepe mweusi ukawa unaning'inia mdomoni mwake kama tambi, halafu ukapanda taratibu, ukaisha.

Chaplin katika ile filamu yake ya 1925 ya watafuta dhahabu anapika kiatu anakula kwa uma na kisu, lakini kile kiatu kilikuwa cha peremende, walikitengeneza. Huyu mbuzi alikula kitu halisi.

Nikiwa bado nimepiga magoti pale nikashikwa ukosi kwa nyuma. "Ndo huyu! Kabeba bakora ya mzee pale kwenye nyama nimemuona!" Kijana mmoja mwenye uchungu na mali za wazee, Mungu ambariki. Watu wakajaa, na hawa sasa hawakuwa wa kupiga makofi. Akaja mgambo. Nikaanza kueleza kwamba ni ya babamkwe, kwamba kulikuwa na filamu, kwamba kuna mtu anaitwa Chale, kila nilichosema kilizidi kuniharibia. Ndo mzee akatokea, kichwa wazi, anatembea polepole bila bakora.

Mgambo akamuuliza kwa heshima, "Shikamoo mzee. Huyu mtu unamfahamu?"

Mzee akaniangalia. Ule mwangalio wake. Akaanzia kwenye viatu, akapanda magotini, akafika kwenye kipande cha kofia mkononi, akafika kwenye masharubu.

"Bakora ni yangu," akasema. "Mtu simjui."

"Baba!"

"Afute kwanza hayo masizi."

Nikafuta kwa mkono wa shati haraka haraka, jasho na masizi vikachanganyika, uso wote ukawa mweusi ti.

"Sasa hivi ndo simjui kabisa."

Kilichoniokoa ni binti yangu, alikuja analia "Babaaa" akanikumbatia mguu. Mgambo akaniachia, ila akaninong'oneza kwamba mtu mzima hovyo. Na nilipoinua kichwa hivi, kwenye benchi la nyama mita kama kumi, nani kakaa na familia yake ameshika mfupa hajautia mdomoni? Bosi wangu wa idara. Akaninyooshea ule mfupa kidogo, kama salamu. "Tutaonana Jumatatu."

Nilidhani limeisha. Mzee akasogea kwa yule mbuzi, akachuchumaa, akaanza kumpapasa tumbo. Alipapasa muda mrefu, huku na huku, kama daktari.

"Unafanya nini baba?"

"Natafuta kofia yangu."

Halafu akasema, bila kuniangalia, kwamba kwenye ule utepe mlikuwa na hela. Elfu themanini. Za kuuzia karanga. Alizikunja akaziingiza kwa ndani ya utepe, ndo benki yake. Na kwamba yeye hawezi kuondoka hapa akaacha kofia ya baba yake na hela yake ndani ya mbuzi wa mtu.

Mwenye mbuzi alikuwa anasikiliza. Dakika kumi kabla, kwa masikio yangu, nilimsikia akimtajia mtu mwingine mbuzi hao laki na ishirini. Akaniambia huyu mmoja ni laki na themanini. Nikamuuliza kwanini. Akasema, "Huyu ana kofia." Nikamwambia kofia ni yetu. Akasema ndo maana nakuuzia wewe, mwingine ya nini. Nikajaribu kupendekeza tusubiri mpaka kesho vitu vitoke vyenyewe kwa njia ya kawaida, akasema kesho hakuna mnada. Tukavutana weee, nikaenda kwa wakala nikatoa laki na nusu, makato juu. Sasa rudi kule mwanzo, mimi ni mhasibu. Mhasibu alitoa laki na nusu kuokoa elfu themanini.

Kwenye Vitz mbuzi alikaa nyuma katikati ya watoto kichwa kimetokeza kati ya viti vya mbele, ananihemea shingoni harufu ya pama. Kimya kilinizidi nikaona nimfariji mzee kwa hadithi. Nikamwambia baba, usihuzunike, hata Chaplin mwenyewe aliibiwa. Alikufa Krismasi ya 1977 kule Uswisi, akazikwa, mwezi wa tatu 1978 wezi wawili wakafukua jeneza wakaondoka nalo, wakawa wanampigia mjane wake Oona wanataka hela. Oona akakataa kulipa. Mwisho polisi wakawakamata na jeneza likakutwa limefukiwa shambani, likarudishwa.

Mzee akafikiria mpaka tunaingia mjini.

"Huyo mjane alikuwa na akili," akasema. "Hakulipa, na mzigo akarudishiwa."

Ile Jumapili ya Chinangali Park, ya kukaa kwenye majani na familia, niliimalizia nyuma ya nyumba nimekaa kwenye ndoo, kijiti mkononi, nageuzageuza vinyesi vya mbuzi kimoja kimoja kutafuta noti. Mzee alikuwa ameletewa kiti kivulini, anakula zabibu. Kila nikigeuza anauliza, "Bado?" Namjibu bado baba. Mama mwenye nyumba alikuja akasimama, akaangalia, akarudi ndani bila kusema kitu, na kodi yangu inaisha mwezi wa kumi. Jioni nilipata kipande cha utepe, sentimita mbili. Noti hakuna. Mke wangu karudi kanisani kanikuta vile, nikamweleza kila kitu, akaingia jikoni haraka sana na nikasikia anakohoa. Kakohoa kama dakika tano.

Jumatatu asubuhi kabla ya kazi nikawapeleka kwenye gari za Mvumi, mzee na mbuzi wake. Nikamlipia nauli, nikamlipia mbuzi nauli, nikamtia na elfu themanini mkononi kwa sababu macho yake yalikuwa yananiangalia. Akazipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Kondakta akamwambia mbuzi anapandia nyuma. Mzee akaenda kuzunguka gari, na nadhani hakujua kama bado nipo, maana alipofika kwenye kona ya lile gari miguu yake ikatazama pembeni, akainua mguu mmoja, akarukaruka kidogo akakata kona. Bakora inazunguka. Mkono wa kushoto.

Nikabaki nimesimama pale stendi na ufunguo mkononi.

Usiku nikamuuliza mke wangu, hivi baba huwa anaweka hela kwenye kofia tangu lini? Akageukia ukutani. Mabega yanacheza. "Baba anaweka hela kwenye soksi," akasema. "Tangu nizaliwe." Sasa mbona hukusema jana nikiwa pale kwenye ndoo? Akasema kofia ya babu umeilisha mbuzi, ulitaka nikutetee? Na isitoshe mahari ulipunguziwa ng'ombe mmoja ukasema utaleta, mwaka wa sita huu.

Ofisini sasa hivi hakuna anayeniita jina langu. Bosi akitaka ripoti anasema mwiteni Chale.

Alhamisi mzee akapiga simu, kitu ambacho hafanyi, huwa anabipu. Akanisalimia, akauliza hali ya watoto, akauliza hali ya gari. Halafu akasema yule mbuzi amezaa. Wawili, wote majike. Nikakumbuka vile alivyokuwa kachuchumaa pale mnadani anapapasa tumbo, huku na huku, polepole, kama daktari.

"Hongera baba," nikasema.

"Asante mkwe wangu." Kimya. Nikamsikia anahema. "Ile sinema bado unayo?"

"Ninayo."

"Nitakuja tena mwezi ujao kliniki. Safari hii nitakuja na koti."